Kumkimbilia Mungu hakuna kiingilio

Mhariri,

Mtu akitoka sokoni Kongowea, akapita Kengeleni na kuvuka daraja la Nyali mpaka Buxton, atasoma matangazo ya waganga kwenye nguzo za stima kabla ya kusoma alama za barabara. Kazi, mapenzi, kesi kortini, duka lisilouza, nyota iliyofifia: yote yana dawa, na nambari ya simu iko chini. Ndani ya simu nako wako ndugu zao, zile jumbe zinazomwamuru mtu asome jina fulani mara 1,000 kisha awatumie watu ishirini kabla ya magharibi, na asiyetuma yakimpata ajilaumu mwenyewe.

Si ajabu kwamba zinapata wasomaji. Tangu shehena za bandari zianze kupandishwa treni ya SGR, dereva wa lori na fundi wa Changamwe au Miritini hajui mwezi ujao utakuwaje. Wahudumu wa hoteli za Nyali na Bamburi hurudishwa makwao msimu wa wageni ukiisha. Mwenye nyumba hangoji na unga haungoji. Mwenye hofu lazima atafute pa kukimbilia, na maneno "mkimbilie Mungu" anaambiwa kila mahali, mimbarini na matangani. Asiloambiwa ni akimbie vipi: aanzie wapi, aseme nini, saa ngapi, na afanye nini baada ya kuitikia amin. Pengo hilo ndilo wanaloingilia wenye makaratasi ya nguzoni.

Naomba nafasi nilieleze hilo kwa mpango unaosomeshwa katika vyuo vyetu vya Kurani hapa Pwani. Jirani zangu Wakristo watanivumilia, nao nitawafikia.

Iko dua moja ambayo ningependa kila nyumba iwe nayo. Imepokewa na Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Anas bin Malik, aliyekuwa mtumishi wa Mtume (S.A.W.), kwamba alikuwa akimsikia akiisema mara nyingi: Allahumma inni audhu bika minal hammi wal hazan, wal ajzi wal kasal, wal bukhli wal jubn, wa dhalaid dayni wa ghalabatir rijal. Maana yake: Ewe Mola, najikinga kwako na wasiwasi na huzuni, na kutoweza na uvivu, na ubahili na uoga, na uzito wa deni na kushindwa nguvu na watu. Ni mambo manane, yamepangwa mawili mawili, na mpangilio huo una kazi yake.

Hamm ya Kiarabu si hamu yetu ya biriani. Wanavyuoni huieleza kuwa ni dhiki ya jambo ambalo halijafika, na hazan ni dhiki ya lililokwisha pita. Mtu anayesema "nina mawazo" mara nyingi amechanganya hayo mawili, naye hawezi kujikinga vizuri na adui asiyemtambua. Ajzi ni kukosa uwezo au njia. Kasal ni kuwa na uwezo na kutotaka. Hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya, maana kasal hupenda kuvaa kanzu ya ajzi: mtu husema "hakuna kazi" na hajatoka nje ya mtaa wake mwezi mzima. Ubahili ni kuzuia mali, uoga ni kuizuia nafsi; anayeogopa kumwambia mkewe kwamba kazi imekwisha, akawa anatoka kila asubuhi na shati lililopigwa pasi kwenda kukaa bustanini Mama Ngina, hilo la uoga linamhusu yeye. Mwisho likatajwa deni, na pamoja nalo watu, kwa sababu mdaiwa na mnyonge hukanyagwa na miguu ile ile.

Kuihifadhi dua hii ni kazi ya siku tatu nne. Kosa linalofuata ni kuisoma kama wimbo. Ikusaidie zaidi, keti baada ya alfajiri na karatasi, uandike yale manane, na chini ya kila moja uandike lako. Chini ya hamm usiandike "maisha". Andika ni tarehe gani unayoiogopa na ni kiasi gani kinachotakiwa siku hiyo. Chini ya deni andika jina la anayekudai, kiasi na siku mliyoahidiana. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani nzima, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, haikuzungumzia Pepo wala Moto. Inaamrisha deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu na mashahidi waweko. Aya mbili kabla yake inamwambia mdai kwamba mdaiwa akiwa na dhiki basi angojewe mpaka afarijike. Ukienda kwa mdai wako na karatasi iliyoandikwa vizuri, ukamwonyesha utakalolipa na lini, una haki ya kumkumbusha aya hiyo. Ukiwa umezima simu wiki tatu, huna uso wa kumkumbushia.

Bibi Aisha alipokea kwamba Mtume aliulizwa mbona anajikinga mno na deni ndani ya swala. Akajibu kwamba mtu akidaiwa husema akasema uongo, na huahidi asitimize. Aliye na mikopo ya simu hahitaji tafsiri ya hadithi hiyo: "nitatuma jioni" ya kwanza, ya pili, ya kumi. Na huo ndio mfano mzuri wa dua inayoharibiwa na mkono wa mwombaji. Ameomba kinga ya deni alfajiri, na saa tatu asubuhi amefungua mkopo mpya kulipa wa jana. Dua ile haifai kitu ikiwa kidole kinabonyeza upande mwingine.

Sasa wakati. Thuluthi ya mwisho ya usiku imetajwa katika hadithi sahihi kuwa ni wakati wa kujibiwa, na watu hudhani ni dakika chache kabla ya adhana. Hesabu ni nyepesi. Usiku wa sheria huanza magharibi na kwisha alfajiri. Chukua siku ambayo Mombasa magharibi imeingia saa kumi na mbili na nusu na alfajiri ni saa kumi na moja: hapo katikati pana saa kumi na nusu. Gawanya kwa tatu, kila fungu ni saa tatu na nusu. Kwa hivyo thuluthi ya mwisho inaanza saa saba na nusu usiku, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta haisogei sana mwaka mzima. Anayetoka zamu ya usiku bandarini au hotelini saa nane tayari yumo ndani yake, hata kabla ya kulala. Rakaa mbili na dua moja humtosha.

Asiyeweza usiku asijione amefungiwa mlango. Imepokewa kwamba dua baina ya adhana na iqama, ule mwito wa kusimama kuswali, hairudishwi, na kwamba mja huwa karibu zaidi na Mola wake akiwa sijida. Nafasi ya adhana na iqama katika misikiti yetu hufika dakika kumi au kumi na tano, na tazama inavyotumika: nusu ya safu wameinamia simu. Adabu yenyewe ni fupi. Anza kwa kumhimidi Mungu na kumswalia Mtume, kisha taja haja yako kwa lugha unayoijua. Mungu asikia Kimvita na Kigiriama. Mtume alimsikia mtu aliyeingia moja kwa moja kwenye haja bila ya sifa wala salawati, akasema huyu amefanya haraka. Haraka nyingine aliyoikataza ni ya baadaye, ile ya kusema "nimeomba na sikujibiwa" kisha mtu akaacha.

Kinga ya asubuhi na jioni ni sura tatu za mwisho za msahafu, Ikhlas, Falaq na Nas, kila moja mara tatu, baada ya alfajiri na kabla ya magharibi. Kwa msomaji wa kawaida haizidi dakika tatu. Wakati wa kulala iko namna yake aliyoisimulia Bibi Aisha: unakusanya viganja, unapuliza kidogo ndani yake na kuzisoma sura hizo tatu, kisha unapangusa mwili kadiri mikono inavyofika, ukianzia kichwa, uso na upande wa mbele. Unarudia mara tatu. Kumwacha msomaji ndani ya simu asome mpaka asubuhi huku wewe unakoroma ni kusikiliza, na kusikiliza kuna thawabu yake, lakini si kule kujikinga kulikoelezwa. Kinga ni ya ulimi wako mwenyewe. Kwa mtoto asiyeweza kusoma, mzazi ndiye humsomea. Mtume akiwasomea Hasan na Husein maneno ya kuwakinga, na akieleza kwamba Ibrahim aliwasomea vivyo hivyo Ismail na Is-haka. Hakuwafunga kitu mkononi.

Jambo lililoharibika zaidi mjini kwetu ni istikhara, yaani kumwomba Mungu akuchagulie lenye heri, nami nitalikalia kidogo.

Jabir bin Abdillahi alisema Mtume akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Kurani. Utaratibu wake: mtu akiazimia jambo, aswali rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha aombe dua yake. Imam Nawawi alipendelea Kafirun katika rakaa ya kwanza na Ikhlas katika ya pili. Dua husomwa baada ya salamu, na penye maneno "jambo hili" unalitaja lako: safari fulani, posa fulani, biashara fulani. Asiyeihifadhi aisome katika karatasi. Aliyezuiliwa kuswali, kama mwanamke aliye katika siku zake, huomba dua peke yake. Kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata Pwani, rakaa hizo haziswaliwi baada ya swala ya alasiri mpaka jua lizame, wala baada ya alfajiri mpaka jua lichomoze na kupanda kadiri ya mkuki, wala jua likiwa utosini, kwa sababu istikhara sababu yake huja baadaye. Wengi huichagua saa kumi na moja jioni kwa kuwa ndipo wanapotoka kazini. Wangoje magharibi.

Sasa soma maneno yenyewe. Mwombaji anasema: kama jambo hili ni heri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wangu, nikadirie na unirahisishie, kisha unibarikie, na kama ni shari, liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie heri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Ndoto imetajwa wapi hapo? Rangi ya kijani iko wapi, au nyeupe, au nyoka? Jibu la istikhara ni jambo lenyewe: njia inafunguka ukaenda, au inafungika ukazuiwa. Mtu akishaiswali huendelea na jambo lake akitazama linavyosogea. Hakai kitandani siku saba akingoja kuoteshwa, na hamlipi mtu amwotee. "Kupigiwa istikhara" kwa ada, mtu akaambiwa jina la mchumba halipatani na lake kwa hesabu ya herufi, hiyo ni ramli iliyovaa kilemba. Na hadithi iliyomo katika kitabu cha Imam Muslim inasema anayemwendea mtabiri akamuuliza kitu, swala yake haikubaliwi siku arubaini.

Kabla ya istikhara iko istishara, yaani kutaka ushauri, na hiyo ndiyo inayorukwa. Chukua kijana aliyeahidiwa kazi ya Ghuba. Kwanza aende kwa wanaojua: wakala huyo ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Mkataba uko mkononi kabla ya kulipa chochote, na umeandikwa mshahara, saa za kazi na atakayelipa tikiti ya kurudi? Waliokwenda kwa wakala huyo wanapatikana kwa simu? Akiisha kuyajua hayo, aswali rakaa zake mbili. Wakala akigeuka mkali kwa kuulizwa maswali, huenda hilo likawa ndilo jibu, limekuja hata kabla ya udhu. Anayeswali istikhara bila ya kuuliza amefumba macho kisha akaomba aonyeshwe njia. Na aliyekwisha lipa, akaaga na kupakia sanduku, huyo haombi kuchaguliwa. Anaomba kuungwa mkono.

Watu wakisikia hivi husema: jitihada haiondoi kudura. Ni methali yetu na ni kweli, ila imefanywa mto wa kulalia. Itazame kwa mfano wa Hijra ya mwaka 622, siku ambayo maneno "usihuzunike, Mungu yu pamoja nasi" yalisemwa pangoni Thaur. Makabila ya Makka yalikubaliana kumuua Mtume. Ali alilala kitandani pake. Ngamia wawili walikuwa wamelishwa na kuwekwa tayari. Madina iko kaskazini ya Makka, yeye na sahibu yake Abubakar wakashika njia ya kusini, upande ambao hakuna ambaye angewatafuta. Walikaa pangoni siku tatu. Abdullahi mwana wa Abubakar akishinda mjini akisikiliza yanayosemwa na kuleta habari usiku. Amir bin Fuhaira akipitisha kondoo jioni, wakapata maziwa, na kwato zikafuta nyayo. Asma binti Abubakar akatayarisha chakula, na alipokosa kamba akaupasua mshipi wake. Mwongozaji wao, Abdullahi bin Uraiqit, hakuwa Mwislamu. Aliajiriwa kwa kuwa alizijua njia na alikuwa mwaminifu. Hayo yote yalitangulia. Wakimbizaji walipofika mlangoni pa pango, mahali ambapo mkono wa binadamu hauna tena la kufanya, ndipo likaja lile neno. Kudura inaanzia pale jitihada ilipokomea, si pale ilipochoka kuanza.

Nuhu naye hakuokolewa kwa mkeka wa kuswalia peke yake. Kurani inakiita chombo chake kitu cha mbao na misumari, na fundi yeyote wa majahazi anajua misumari haijipigi. Aliyeangamia ni mwanawe, aliyesema "nitakimbilia mlimani". Hapa kwetu watu husoma dua ya chombo kila wapandapo feri ya Likoni, na wanafanya vizuri. Lakini tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa maji, nayo ilikuwa imejaa kupita kiasi. Hakika miongoni mwao waliomtaja Mungu walikuwa wengi. Mola awarehemu. Aliyewajibika kuhesabu abiria hawezi kujificha nyuma ya dua zao.

Khalifa Umar alipokataa kuingia Sham kwa sababu ya tauni, Abu Ubaida alimuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Akajibu: ndiyo, twaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Jibu hilo lingetufaa mwaka 2020, misikiti na makanisa yalipofungwa kuanzia Machi na Mji wa Kale ukazuiwa watu kutoka na kuingia mwezi wa Mei. Wako walioona kufunga msikiti ni upungufu wa imani.

Kwa jirani zangu Wakristo nitasema machache, kwa kuwa wanao wachungaji wao. Zaburi ya 46 na ya 91 ndizo zinazosomwa sana watu wakiwa na hofu, na ya 91 imeahidi kwamba malaika watakuchukua mikononi usije ukajikwaa mguu katika jiwe. Injili ya Mathayo, sura ya nne, inaonyesha ni nani aliyeyatumia maneno hayo vibaya: Ibilisi, alipomsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini. Yesu akajibu kwa andiko jingine: usimjaribu Bwana Mungu wako. Ingetosha kuwa ngao dhidi ya yale yaliyofichuka Shakahola, kaunti ya Kilifi, Aprili 2023, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndipo wamwone Mungu. Dini zote mbili zinajua kufunga, na katika zote mbili saumu ina mwisho. Kwetu Mtume alikataza hata kuunganisha saumu ya leo na ya kesho bila ya kula usiku. Kiongozi yeyote anayeifuta saa ya kufuturu, au anayemtaka mtu akate jamaa zake, achome vyeti vya shule au aache dawa, mtoroke siku hiyo hiyo, awe na msalaba au tasbihi.

Nikitaja dawa, naongeza hili. Hofu ikimkosesha mtu usingizi wiki mbili mfululizo, akaacha kula, au akaanza kusema afadhali angekufa, asomewe Kurani na pia apelekwe hospitali. Port Reitz pana kitengo cha afya ya akili. Mtume alisema: tafuteni dawa enyi waja wa Mungu, kwani hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Kumfunga mgonjwa kamba chumbani huku visomo vikiendelea miezi na miezi hakumo katika hadithi hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba kulipwa kwa kisomo kuna ushahidi, na ni kweli. Masahaba walimsomea Fatiha kiongozi wa kabila aliyeumwa na mdudu, wakapewa kondoo, na Mtume akaidhinisha. Ila isomwe yote. Kabila lile lilikuwa limekataa kuwakirimu wageni, malipo yalifungamanishwa na kupona, na mgonjwa alisimama akatembea. Hapakuwa na ada ya kufungua faili, wala kuku mweusi, wala kurudi tena wiki ijayo na elfu tatu. Kombe nalo wanavyuoni wamekhitalifiana: wako walioruhusu aya ziandikwe kwa zafarani kwenye sahani safi, zikaoshwa kwa maji au marashi na mgonjwa akanywa. Mnywaji na azisome kwanza. Akikuta miraba ya tarakimu na majina yasiyojulikana ni ya nani, hilo si kombe la Kurani. Na aliyedhulumiwa asitafute mtu wa kumsomea Halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza adui. Mtume alipomtuma sahaba wake Muadh Yemen alimwonya na dua ya aliyedhulumiwa, akasema baina yake na Mungu hakuna pazia. Pasipo pazia huhitaji wa kukufunulia. Kama ni urithi ulioliwa, fungua pia kesi Mahakama ya Kadhi.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri, na kwa wahariri wenzako. Matangazo ya nguzoni hubandikwa usiku na watu wasiojulikana, lakini mengine tunayasoma magazetini, katika kurasa za matangazo madogo, yamelipiwa na kukubaliwa mchana: daktari wa mapenzi, mtaalamu wa nyota, kurudisha mali iliyopotea kwa saa 24. Mzee wa Majengo akiliona tangazo hilo kwenye ukurasa unaofuatana na habari za Bunge, hulipatia heshima ile ile. Mnakataa tangazo la dawa isiyosajiliwa. Kataeni na hili. Nafasi itakayobaki ni inchi mbili tatu tu. Chapeni humo nyakati za swala za Mombasa kwa wiki, na kila Ijumaa muiweke ile dua ya mambo manane pamoja na tafsiri yake, na mistari minane mitupu chini yake.

Mwalimu wa madrasa,
Mji wa Kale, Mombasa